Nani Akague Usukani wa Ndege Baada ya Matengenezo?

Beech 1900D ni ndege ya injini mbili yenye viti 19 vya abiria. Asubuhi ya tarehe 8 Januari 2003, ndege moja ya aina hiyo iliyoendeshwa na shirika la Air Midwest iliruka kutoka Charlotte, Marekani, ikiwa imejaa. Pua ilianza kupanda mara tu magurudumu yalipoiacha ardhi, ikafika nyuzi 54. Marubani walisukuma usukani mbele hadi mwisho, lakini pua haikushuka. Kabla ya dakika moja kutimia ndege ilikuwa imekosa mwendo, ikaanguka na kuligonga banda la ndege uwanjani hapo. Watu wote 21 waliokuwamo walikufa.

Pua ya ndege hupandishwa na kushushwa na eleveta, yaani mabapa ya mkiani yanayovutwa kwa waya za chuma kutoka kwenye usukani wa rubani. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari, waya hizo zilikuwa zimekazwa upya katika kituo cha matengenezo cha Huntington, West Virginia. Fundi aliyepewa kazi hiyo alikuwa hajawahi kuifanya kwenye ndege ya aina hiyo. Alikuwa akijifunza papo kwa papo. Baadhi ya hatua za kitabu cha matengenezo zilirukwa, na skrubu za kukazia waya zikaachwa mahali pasipo pake. Matokeo yake, eleveta ilibaki na takriban nusu tu ya mwendo unaohitajika kushusha pua.

Hata hivyo ndege iliruka mara kadhaa baada ya hapo bila tatizo. Nusu ya mwendo ilitosha maadamu mkia haukulemewa. Siku ya ajali viti vyote vilikuwa na watu na sehemu ya mizigo ya nyuma ilikuwa imejaa. Karatasi za safari zilionyesha uzito halali kwa sababu abiria walikadiriwa kwa wastani uliowekwa na mamlaka, na wastani huo ulikuwa wa zamani. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba abiria halisi, pamoja na nguo na mizigo ya mkononi, alizidi makadirio kwa kilo 9 hivi. Kwa ndege ya viti 300 tofauti kama hiyo huwa na athari ndogo zaidi. Kwa ya viti 19 inaweza kusogeza kitovu cha uzito nyuma ya mpaka wake. (Abiria wa ndege ndogo za mbugani Kenya na Tanzania, wanaolalamikia kikomo cha kilo 15 za mizigo, hapa wanaweza kuona sababu yake.)

Ni rahisi kumtwika fundi mwanafunzi lawama yote. Ripoti ya bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, haikufanya hivyo. Ilitaja pia usimamizi hafifu wa shirika, ambalo lilikuwa limekabidhi matengenezo kwa kampuni nyingine, nayo ikachukua mafundi kutoka kampuni ya tatu. Ikaitaja na mamlaka ya usafiri wa anga, FAA. Lakini jambo zito zaidi ni mkaguzi. Sheria ilitaka kazi ya namna hii ikaguliwe na mtu wa pili, na mtu huyo alikuwepo. Tatizo ni kwamba ndiye aliyekuwa akimfundisha fundi, na ndiye aliyekubali hatua zirukwe. Saini zilikuwa mbili, ila hakuna aliyeitazama kazi kwa macho mapya. Tena, kitabu cha mtengenezaji hakikudai eleveta ipimwe mwendo wake wote mwishoni mwa kazi, kipimo ambacho kingeifichua kasoro kabla ndege haijatoka bandani.

Je, kudai kipimo hicho kungetosha? Ajali ya pili ya mwaka uleule inatia shaka. Tarehe 26 Agosti 2003, Beech 1900D ya Colgan Air iliruka kutoka Hyannis, Massachusetts, bila abiria, ikaanguka baharini na kuwaua marubani wake wawili. Waya wa kurekebishia eleveta ulikuwa umebadilishwa na kufungwa kinyume, hivyo kila rubani aliporekebisha upande mmoja, mkia ulielekea upande wa pili. Mchoro wa kitabuni wenyewe ulikuwa na kosa. Hapa kipimo kilifanyika, lakini kwa juujuu, na marubani nao hawakufuata orodha yao ya ukaguzi kabla ya kuruka.

Kwa hiyo amri ya kupima haitoshi isiposema nini kipimwe na nani apime. Kinachostahili kudaiwa ni vitu viwili: mwendo wa kila kifaa cha kuongozea ndege upimwe mwanzo hadi mwisho na kwa upande sahihi, na apime mtu ambaye hakushika kazi ile wala kuifundisha. Mashirika madogo yana hoja ya haki kwamba vituo vya mbali huwa na mafundi wachache, hasa usiku, na kumpata mtu huru ni gharama. Gharama hiyo ipo, na haifai kufichwa: mara nyingine itamaanisha safari ya alfajiri kufutwa na abiria kurudishiwa nauli. Lakini inahusu kazi chache tu, zile zinazogusa waya na viungo vya kuongozea ndege, wala si kila taa au kiti kinachobadilishwa. Katika kazi hizo, kituo kisicho na mtu wa pili aliye huru kiiache ndege chini mpaka afike.