Msituambie Tuizoee Baridi

Katika kipindi cha msamiati wa nyumba huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni maneno haya: msingi, sakafu, kiambaza, boriti, dari, paa. Mengi huyatambua upesi, lakini dari huwatatiza. Mwaka jana mmoja wao aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, dari na paa si kitu kimoja?" Nikamweleza kwamba paa ndilo likingalo mvua na jua, na dari hutandazwa chini yake, ikakitenga chumba na mabati. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mimi tangu nianze kupanga sijalala chini ya dari." Darasa zima likacheka, kwa sababu wengi wao walikuwa vivyo hivyo.

Hapa ni Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kiswahili ni lugha iliyolelewa pwani. Neno lake kipupwe, yaani majira ya baridi ya Juni hadi Agosti, humfurahisha mtu wa Tanga au Mombasa, kwa kuwa kwake maana yake ni kupungua kwa jasho. Kwetu miezi hiyo hulaza ukungu mabondeni, na usiku kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 10, pengine chini ya hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa joto la ndani lililo salama kwa watu kwa jumla nyakati za baridi. Pimeni wenyewe tofauti hiyo, kisha mkumbuke kwamba chumba cha mpangaji asiye na dari hakina tofauti kubwa na nje.

Mpangaji akilalamika huambiwa neno moja: zoea. Huongezewa methali, kwamba mvumilivu hula mbivu. Mimi ni mwalimu wa lugha na nazipenda methali, ila naona uchungu methali inapotumiwa kufunika uzembe wa mtu. Mvumilivu wa methali hiyo anangoja tunda ambalo liko mtini na linaiva. Mpangaji huyu anangoja nini? Bati haliivi.

Tena baridi ya mlimani na baridi ya chumbani ni mambo mawili. Ya mlimani ameiumba Mungu, na hakuna anayemdai mwenye nyumba kwa ajili yake. Ya chumbani imejengwa na fundi kwa maagizo ya mtu aliyetaka kuokoa fedha. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kuelekea angani hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Pumzi za waliolala hupanda, hugusa bati hilo, hugeuka matone, na alfajiri matone hayo huwadondokea juu ya blanketi. Mpangaji hudhani paa linavuja. Akiziba kila tundu kwa magazeti na vitambaa ili kuzuia upepo, unyevu hukosa njia ya kutoka, ukuta huota ukungu mweusi, na kifua huanza kubana. Wazee wetu waliolala chini ya paa nene la nyasi, ndani ya kuta za udongo, walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi wenye mabati yanayong'aa.

Kisha kuna dawa ile inayouwa: jiko la mkaa. Julai iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliingiza jiko chumbani baada ya kupika, akafunga mlango na dirisha, akalala. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haamki akakohoa, bali huzidi kulala. Jirani alipoona kumekucha na mlango haujafunguliwa, aliita wenzake wakauvunja. Binti yule yu hai. Mwenye nyumba alifika saa nne asubuhi, na swali lake la kwanza lilikuwa ni nani atakayelipia mlango.

Nawasihi wanafunzi wangu: msilale na jiko, hata kama makaa yanaonekana kufa. Lazeni godoro juu ya mkeka au maboksi, lisiguse saruji. Lisogezeni mbali na ukuta wa nje. Fungueni dirisha mchana. Nayasema haya kwa kuwa usiku wa leo nao utakuja, lakini sikubali yageuzwe kuwa jibu. Mtu akulipishaye kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo hana haki ya kukufundisha namna ya kupanga maboksi.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya taifa, inataja makazi ya staha miongoni mwa mambo ambayo raia wote wapaswa kuyapata. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inakataza kupangisha makazi yasiyofaa kukaliwa na binadamu. Najua atakayeuliza kama baridi nayo inahesabiwa. Namjibu kwa swali: chumba ambacho mtu hawezi kulala bila kuhatarisha maisha yake kwa makaa kinafaa kukaliwa na nani? Wengine hutishia kwamba dari ikiwekwa kodi itaongezwa maradufu. Sheria hiyo hiyo imeweka kikomo cha nyongeza kuwa asilimia 10 kwa mwaka, tena haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

Sitaki kumdhulumu mtu. Wako wenye nyumba ambao vyumba vyao viwili ndiyo pensheni yao yote, nao hulala chini ya mabati kama wapangaji wao. Kwa hao sidai dari ya mbao. Mikeka ya mafunjo, ambayo bonde letu limejaa malighafi yake, ikitandazwa vizuri chini ya boriti na kuwekwa mbali na nyaya za umeme, hupunguza baridi na matone kwa gharama ndogo. Ninaowasema ni wale wenye vyumba ishirini katika mstari mmoja, wanaokusanya kodi bila kukawia, na ambao nyumbani kwao dari ipo mpaka jikoni.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa kodi, ingia chumbani, inua macho. Ukiona mbavu za bati, sema papo hapo, na uombe dari iandikwe katika mkataba pamoja na tarehe, mbele ya mwenyekiti wa LC1. Nendeni wawili au watatu, kwa maana mpangaji mmoja huitwa mkorofi. Binti yule na majirani zake kumi na mmoja waliandika barua moja mwezi Agosti, kwa Kiswahili, nami nilisahihisha ngeli tu. Mlango umekwisha kutengenezwa, kwa fedha zake. Kuhusu dari, mwenye nyumba amesema atafikiri.