*MAONI YA KATIBU: MADA YA JUMAMOSI HAIFUTWI*



Tangu Jumapili kundi letu limechafuka. Mmoja karusha makala inayosema maprofesa wote wa vyuo vikuu wanaipendelea Palestina, kwa hiyo wanachoandika ni siasa tu. Mwingine kajibu kwa makala kwamba vitabu vyote vya Marekani vimeandikwa kuibeba Israel. Tukafika mahali watu wanaulizana dini. Wazee wawili wamejitoa, na mmoja wao alikuwa kwenye tawi hili kabla mimi sijapata kadi. Sasa wajumbe watatu wa kamati wameniandikia pembeni nifute mada ya kijana wetu kuhusu wakimbizi wa Kipalestina kwenye darasa la itikadi, kwa sababu "waandishi aliowatumia wana upande".

Sifuti.

Mimi nimesomea uhasibu. Mkaguzi akija ofisini haulizi mtunza fedha ni Simba au Yanga. Anaomba hati za malipo, stakabadhi na taarifa ya benki. Mtu anaweza kuwa na chuki na bosi wake na vitabu vikawa safi. Anaweza pia kuwa mpole, wa ibada kila siku, na fedha hazipo.

Mchukueni Benny Morris, mwanahistoria wa Israel. Mwaka 1988 alitoa kitabu kuhusu Wapalestina wapatao 700,000 waliogeuka wakimbizi kati ya 1947 na 1949. Akatumia nyaraka za Israel yenyewe, zilizokuwa zimeanza kufunguliwa, kuonyesha kwamba ile hadithi ya kuondoka kwa amri ya viongozi wa Kiarabu haitoshi: wengi walikimbia mashambulizi, na wengine walifukuzwa na jeshi. Wako waliomwita adui wa taifa lake. Mwaka huohuo alikaa jela ya kijeshi kwa kukataa kwenda kutumikia Nablus. Basi mtu angesema, huyu upande wake unajulikana. Lakini mwaka 2004 Morris huyohuyo aliliambia gazeti la Haaretz kwamba Ben-Gurion alikosea kwa kutokamilisha kazi ya kuwaondoa Waarabu. Maneno mazito hayo, na mimi siyakubali. Ila mwaka huohuo alikitoa upya kitabu chake, na ushahidi wa watu kufukuzwa na kuuawa ulikuwa umeongezeka, haukupungua. Siasa yake ilihama, hati hazikuhama.

Upande wa pili, Joan Peters wa Marekani aliandika mwaka 1984 kwamba sehemu kubwa ya Wapalestina walikuwa wahamiaji wa juzi tu. Kitabu kikasifiwa sana kwao. Norman Finkelstein, akiwa bado mwanafunzi, akafuatilia tanbihi moja baada ya nyingine na kukuta takwimu zimetumiwa vibaya. Yehoshua Porath, mwanahistoria wa Israel, naye akakikataa. Ilan Pappé, anayewatetea Wapalestina, amesema waziwazi kwamba ana upande. Huo ni uungwana, lakini hakumzuia Morris kumkosoa vikali kwa namna anavyotumia nyaraka.

Wajumbe wale watatu hawajakosea kabisa. Upendeleo upo, ila mara nyingi haukai pale tunapoutafuta. Uko kwenye makabati. Nyaraka za Israel za mwaka 1948 zimefunguliwa kwa sehemu; za nchi nyingi za Kiarabu bado zimefungwa. Mwanakijiji wa Kipalestina aliyekimbia na ufunguo wa nyumba hakuacha faili, aliacha kumbukumbu kichwani, na Morris aliamua kutozitegemea kumbukumbu za namna hiyo. Ni sawa na kufunga hesabu za biashara ya watu wawili kwa stakabadhi za mmoja. Hujaiba hata senti, lakini mizania yako imelala upande. Hilo ndilo swali la kumbana nalo kijana wetu: umesikia wangapi wa upande usio na karatasi?

Na nchi yetu nayo ina kurasa zaidi ya moja. Israel ilitusaidia JKT ilipoanzishwa mwaka 1963. Mwaka 1973 tulivunja nayo uhusiano, na PLO ikafungua ofisi Dar es Salaam. Uhusiano ukarudi 1995. Tarehe 7 Oktoba 2023 tulipoteza vijana wawili waliokuwa Israel kujifunza kilimo. Mwenye kuitaja Gaza bila hao, au hao bila Gaza, amechana ukurasa.

Darasa ni Jumamosi saa kumi jioni, ofisi ya tawi. Kijana atatoa mada yake kama ilivyo. Mwenye pingamizi aje na kitabu na ukurasa. Makala za kurushwa bila jina la mwandishi sitazipokea, za upande wowote, na anayeuliza dini ya mwenzake nitamtoa nje mimi mwenyewe.

Wale wazee wetu nimewapigia simu. Mmoja amekubali kurudi kwenye kundi. Mwingine amesema atakuja Jumamosi kwanza asikilize, ndipo aamue.

Katibu wa Tawi