Tuulize "Vipi", Tusiulize "Nani"

Kila maradhi mapya yaambukizayo yana siku zake za mwanzo, na siku hizo ndizo ngumu kuliko zote. Dawa haijapatikana, jina halijajulikana, na madaktari wenyewe wanatazamana. Siku hizo binadamu hana silaha ila mbili: akili yake na jirani yake. Akizitumia vema, wengi huokoka. Akizitupa, ugonjwa hula mpaka ushibe. Maneno haya hatukuyapata katika vitabu vya wageni tu. Nchi yetu imekwisha kuyaona, na mkoa mmoja, Kagera, umeyaona zaidi ya mara moja. Yafaa tuyakumbuke sasa, wakati hakuna hofu, maana wakati wa hofu hakuna anayesikiliza.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera. Hao ndio wa kwanza kujulikana nchini kuwa na ugonjwa ambao baadaye tuliuita UKIMWI. Ng'ambo ya mpaka, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, watu walikuwa wakikonda na kufa tangu mwaka 1982, na kwa sababu ya kukonda huko ugonjwa ukaitwa "Slim". Huko Marekani madaktari walikuwa wameandika habari za wagonjwa watano wa Los Angeles mwezi Juni 1981. Virusi vyenyewe vilionekana mjini Paris mwaka 1983, na kipimo cha damu kikapatikana mwaka 1985. Basi mkulima wa Kagera hawezi kulaumiwa kwa kutojua. Ulimwengu mzima ulikuwa haujui.

Lakini kutojua ni jambo moja, na kujidai kujua ni jambo jingine. Watu walipoona vijana wenye nguvu wanapukutika kama majani, hawakuvumilia kukaa bila jibu. Upande wetu wa mpaka ugonjwa uliitwa "Juliana", kwa jina la vazi lililopendwa sana na vijana wakati ule, ambalo wafanya biashara walilileta kutoka Uganda. Ikasemwa kwamba alivaaye ndiye afaye. Huko Kasensero nako watu walisema kwamba haya ni machawi ya wafanya biashara wa Tanzania, ambao walidhulumiwa mali yao wakaamua kulipa kisasi. Wa huku wakanyosha kidole kule, na wa kule wakanyosha kidole huku. Ziwa lilikuwa moja, samaki walikuwa wale wale, biashara ilikuwa ile ile, na ugonjwa ulikuwa mmoja. Lakini kila upande ulimwona mkosaji ng'ambo.

Tazama basi kosa lilipo. Watu waliuliza "Nani ameleta?" kabla ya kuuliza "Unapitaje?" Swali la kwanza humpa mtu faraja ya haraka, maana akishampata wa kumlaumu hujiona yeye ni salama. Swali la pili humtaka ajitazame mwenyewe, nyumba yake na mwenendo wake. Ndiyo sababu la kwanza hupendwa na la pili hukimbiwa. Na wakati watu wanamtafuta mchawi, virusi vilikuwa vikipita kwa njia zao: katika kujamiiana, katika damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wake. Havikuuliza kabila wala mpaka wala vazi.

Kulikuwa na hila nyingine, nayo yapasa kila mtu aielewe. Mtu mwenye virusi hivi, asipotibiwa, huweza kukaa miaka minane au kumi bila kuonekana mgonjwa. Kwa hiyo wale watatu wa Ndolage hawakuwa mwanzo wa ugonjwa. Walikuwa moshi wa moto uliokwisha kuwaka chini ya majani. Hii ndiyo kanuni ya maradhi yote yaambukizayo: tunachokiona leo ni kilichotendeka jana. Maradhi mengine huficha kwa siku, mengine kwa miaka, lakini yote huficha. Mwenye kusubiri mpaka aone maiti nyingi ndipo aamini, amekwisha kuchelewa.

Na sisi tulichelewa. Ilipofika mwaka 1986 hapakuwa na mkoa hata mmoja wa Tanzania Bara ambao haujapata mgonjwa wa UKIMWI. Mwaka 1987 wataalamu walipima damu za watu wazima mkoani Kagera, wakakuta kwamba katika mji wa Bukoba watu 24 katika kila 100 wana virusi. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba walikuwa 10 katika kila 100, na huko Ngara na Biharamulo hawakufika hata mmoja. Nyuma ya hesabu hizo walikuwapo mabibi waliozika watoto wao wote, wakabaki kulea wajukuu kwa jembe moja na migomba michache.

Je, ni nini kilichogeuza mambo? Wengi hudhani ni dawa. La. Mchanganyiko wa dawa unaozuia virusi hivi ulijulikana duniani mwaka 1996, na wagonjwa wetu walianza kuzipata bure mwaka 2004. Lakini katika mji wa Bukoba wale 24 katika kila 100 wa mwaka 1987 walikuwa wamekwisha kupungua kuwa 18 mwaka 1993, na 13 mwaka 1996. Ni kweli, na ni uchungu kusema, kwamba sehemu ya upungufu huo ni kwa sababu ya vifo. Hata hivyo maambukizo mapya nayo yalipungua sana, na hilo halikutokana na kidonge chochote. Lilitokana na watu kuambiwa ukweli, kuuamini, na kubadili mwenendo.

Tena walikuwapo waliothubutu kusema hadharani. Mwaka 1989 mwimbaji wa Uganda Philly Lutaaya alitangaza mbele ya watu wote kwamba anao ugonjwa huu, akatumia miezi yake ya mwisho kuwaonya wenzake, akafariki mwezi Desemba mwaka ule ule. Mwaka huo huo hapa kwetu ilianzishwa WAMATA, wagonjwa na jamaa zao wakakataa kuona haya, wakashikana mikono. Watu hao hawakuwa na dawa. Waliyokuwa nayo ni ukweli na ujirani. Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Hawa waliamua kuyafichua kabla ya kilio.

Mtu atadhani kwamba somo hilo tulilishika moja kwa moja. Ulipokuja ugonjwa wa UVIKO, ulimwengu mzima ulirudi darasa la kwanza. Katika nchi nyingi Wachina walitukanwa njiani, nao Waafrika waliokaa katika mji wa Guangzhou, huko China, walifukuzwa katika vyumba vyao mwezi Aprili 2020. Ni hadithi ile ile ya Kasensero na Kagera, ila ziwa limekuwa bahari.

Na hapa nyumbani? Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku ya pili yake shule zikaamriwa kufungwa. Wananchi hawakungoja kusukumwa: ndoo za maji na sabuni zilisimama mbele ya maduka, masoko na ofisi, na mafundi cherehani wakashona barakoa za kitenge. Lakini mwishoni mwa Aprili mwaka ule hesabu za wagonjwa zilikoma kutangazwa. Mwananchi akabaki na minong'ono, na minong'ono haina kipimo. Mwaka 2021 mlango ukafunguliwa tena: kamati ya wataalamu ikaundwa, na tarehe 28 Julai chanjo ikazinduliwa, Rais mwenyewe akiwa wa kwanza kuchanjwa. Gazeti la chama lisiposema hivi litakuwa linawapaka wanachama wake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna wakati tulinyamaza, na kunyamaza hakukumfukuza mgeni mlangoni.

Sasa turudi Kagera. Mwezi Machi 2023, katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, watu walianza kufa kwa homa na kutokwa na damu. Tarehe 16 Machi Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana, na tarehe 21 ikautaja kwa jina: Marburg. Angalia vizuri utaratibu huo. Serikali haikungoja ijue kila kitu ndipo iseme. Ilisema "hatujui bado", kisha ilipojua ikasema tena. Waliokutana na wagonjwa wakatafutwa na kuangaliwa kila siku kwa siku 21, kwani huo ndio muda mrefu kabisa ambao Marburg huweza kujificha mwilini. Ikahesabiwa mara mbili ya siku hizo, yaani 42, bila mgonjwa mpya, na tarehe 2 Juni ukatangazwa mwisho. Wagonjwa walikuwa tisa, waliofariki sita. Ni msiba, na miongoni mwa waliofariki alikuwapo mtumishi wa afya. Lakini linganisha na miaka ya themanini, wakati moto uliachwa ukala mkoa mzima.

Wala tusijisifu mno. Mwezi Januari 2025 Marburg ilitokea tena mkoani humo, huko Biharamulo. Ilithibitishwa na kutangazwa tarehe 20 Januari, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 13 Machi. Wagonjwa walikuwa 10, na wote 10 walifariki. Wanane kati yao walikuwa wamekwisha kufa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Kila siku inayopita kabla ya ukweli kujulikana ina bei yake, na bei hiyo hailipwi kwa fedha.

Basi tuwaulize wenzetu wafanya kazi: kwa nini mtu huficha homa yake? Wengine husema ni ujinga. Sisi twasema mara nyingi ni njaa. Kibarua wa bandarini, mpagazi wa sokoni, mama lishe na utingo wa basi wanajua kwamba wakikaa nyumbani siku tatu, watoto hawatakula siku tatu. Ukimwambia mtu huyo ajitangaze kuwa mgonjwa, kisha ukamwacha bila posho na bila chakula, umemwomba achague kati ya jirani yake na mwanawe. Atamchagua mwanawe, na mimi na wewe tungefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ujira wa mtu aliyezuiliwa nyumbani kwa ajili ya usalama wa wengine si sadaka. Ni sehemu ya dawa, sawa na glavu za muuguzi na sabuni ya zahanati. Matawi ya vyama vya wafanya kazi hayana budi kulitaka jambo hili liandikwe katika mikataba sasa, kabla ya siku ya hofu.

Hali kadhalika, kila balozi wa shina anayo kazi yake. Yeye ndiye ajuaye mlango gani haukufunguliwa asubuhi. Ugonjwa mpya ukisikika, asiwe wa kwanza kupeleka uvumi, bali awe wa kwanza kupeleka habari zahanati. Nyumba ya mgonjwa isinyoshewe kidole. Ipelekewe unga na maji mpaka mlangoni. Mgeni asifukuzwe kwa kuwa ni mgeni. Aulizwe ametoka wapi na amekutana na nani, kama ambavyo mwenyeji angeulizwa. Nao viongozi wakumbuke kwamba mwananchi huweza kuvumilia habari mbaya, lakini hawezi kuvumilia kudanganywa. Akidanganywa mara moja, hata siku ya kweli hatasadiki.

Mlipuko mwingine utakuja. Pengine utaanzia mbali, pengine utaanzia kwetu. Hatuwezi kuchagua siku wala jina lake, lakini swali letu la kwanza twaweza kulichagua tangu leo. Tukiuliza "Nani?", tutampata wa kumlaani, nao ugonjwa utatupita mlangoni ukaingie ndani. Tukiuliza "Vipi?", tutampata wa kumsaidia, na mlango tutaufunga kwa wakati. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kagera ilijenga ukuta kwa miaka mingi na kwa machozi mengi. Tuzibe ufa.