Mwanafunzi aliyetoka ng'ambo ya mpaka si mjinga

Vyuo vikuu vyetu hapa Burundi vinapofungua milango, darasa la mwaka wa kwanza huwa na vijana wa kila namna. Kuna waliomaliza sekondari Ngozi au Gitega kwa Kifaransa. Kuna waliokimbia mwaka 2015 wakasoma kwa Kiingereza Rwanda na Uganda, kisha wakarejea na wazazi wao. Kuna waliotoka kambi za Nduta na Nyarugusu, ambao walifuata mtaala wetu wenyewe lakini kwa vitabu vya kugombania. Wote hawa hukaa benchi moja, na mhadhiri huanza kuzungumza kana kwamba wametoka shule moja.

Matokeo yake ni ya kusikitisha. Baada ya mitihani ya kwanza, kijana aliyekuwa akiongoza darasa huko alikotoka anaambiwa hana uwezo. Wengine hawangoji mwaka uishe. Ukipita Kobero utawakuta wakibeba mizigo ya wafanyabiashara, na ada iliyouziwa ng'ombe imekwisha potea.

Mimi nilizaliwa Katumba, Mpanda, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Niliporudi mwaka 2009 nikiwa na miaka 28, nilikaa darasani nikisikia neno "azote" wiki nzima bila kujua kwamba ndiyo naitrojeni niliyoifahamu tangu kidato cha pili. Alama yake ubaoni ni N ile ile! Dakika moja ya maelezo ingetosha, lakini aliyeuliza alichekwa.

Sasa nafundisha mwaka wa kwanza, na mitego hiyo naiona kila muhula. Aliyesoma kwa Kiingereza akisikia "lecture" anadhani ni mhadhara, kumbe kwa Kifaransa ni kusoma. Akiambiwa aende "librairie" anatafuta maktaba, kumbe ni duka la vitabu. Hata tarakimu zinampiga chenga: yeye huandika 3.5, hapa tunaandika 3,5. Wafanyabiashara wa mpakani mnaijua hatari ya nukta na mkato kwenye hesabu ya fedha. Mwanafunzi naye hupoteza alama hapo hapo, ingawa hesabu yenyewe anaiweza.

Ninachofanya hakigharimu hata faranga. Wiki ya kwanza natoa jaribio dogo lisilo na maksi, ili nijue nani amekwama kwenye lugha na nani kwenye somo lenyewe, maana dawa zao ni mbali mbali. Maneno magumu ya siku nayaandika pembeni mwa ubao kwa Kifaransa na Kiingereza. Swali napokea kwa Kirundi au Kiswahili, jibu natoa kwa Kifaransa chepesi. Vikundi vya mazoezi navipanga mwenyewe, aliyetoka Mahama akae na aliyetoka Gitega, kwa sababu wakiachwa wajipange kila mmoja atakwenda kwa wa kwao. Na karatasi za kwanza nazirudisha mapema, nikionyesha kosa liko wapi, kabla mtihani mkubwa haujafika.

Wapo wenzangu wanaosema huku ni kushusha kiwango. Sikubaliani nao. Mtihani wangu ni wa Kifaransa, ni ule ule kwa wote, na anayeshindwa anashindwa. (Wenzangu hao hao, wakienda kununua kitenge Kigoma, huhudumiwa kwa lugha wanayoielewa, wala hawasemi muuzaji ameshusha kiwango cha kitenge.)

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni dogo: wiki sita za kwanza ziwe na saa mbili kwa juma za Kifaransa cha masomo, zikiwekwa kwenye ratiba, na mwalimu atakayezifundisha alipwe. Nanyi wazazi mliorudi, mnapompeleka kijana kujiandikisha, ulizeni kama saa hizo zipo kabla hamjalipa ada.