Biskuti za safari: mafuta weka kando

Nimerudi kampasi na kopo la biskuti nilizooka mwenyewe nyumbani Singida. Rumeti anacheka, eti nimelishwa katuni. Sikatai. Wazo nililitoa kwenye Delicious in Dungeon, katuni ya Kijapani iliyotoka 2024, ambamo jamaa wanaishiwa hela ya msosi na safari bado iko mbele. Mwanachuo gani haijui hali hiyo?

Likizo iliyopita nilikosea. Nilimimina mafuta ya alizeti kwa fujo, si ndiyo fahari yetu Wanasingida? Zilikuwa tamu balaa. Wiki ya tatu zikaanza kunuka mafuta yaliyochacha, nikamwaga nusu kopo huku bumu halijaingia. Iliniuma! Mabaharia wa zamani walibeba biskuti za unga, maji na chumvi tu, zimekaushwa mpaka basi. Pasipo unyevu, ukungu hauoti.

Safari hii: vikombe viwili vya unga wa mtama, kimoja cha ngano (mtama peke yake haushikani, unamegeka), chumvi, maji kidogo. Nikazitoboa kwa uma, nikaoka kwenye sufuria, makaa juu na chini, halafu nikazirudisha tena kwenye moto mdogo zikauke. Mama alipoonja akauliza kama nina ugomvi na meno. Unachovya kwenye chai, mama!

Mimi nasema hivi: alizeti tukaangie, ila biskuti ya kuvuka nayo semista iwe kavu, tena ya mtama wetu.

Rumeti aliyecheka keshakula tano. Kopo nimelihamishia kwenye begi lenye kufuli.