KONA YA MWALIMU: Kibanda Kikihama, Kaye ya Madeni Inakwenda Wapi?

Mwezi huu kwenye foleni ya maji habari ni moja tu: vibanda vya kando ya mtaro vinatakiwa kuhama kabla ya mvua. Wenye vibanda wanalalamikia mbao na mabati. Nawaelewa, lakini mbao zinabebeka. Mimi leo nataka tuongee juu ya wateja, na ile kaye ya madeni.

Mimi ni mtoto wa Nyakabiga, Bujumbura, kartiye iliyo jirani na Bwiza na kampasi ya Mutanga. Wenzangu wa Buja mnapajua. Baba yangu mdogo alikuwa na meza ya vitenge katika soko kuu la mjini. Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko lile liliungua, maelfu ya wachuuzi wakabaki mikono mitupu. Wengine walikwenda Ruvumera kule Buyenzi, wengine Jabe, wengine Cotebu kule Ngagara. Yeye alikuwa na vitenge vichache vilivyobaki nyumbani, akaona kodi ya meza mpya hataiweza, basi akafungua butike kwenye chumba cha mbele.

Miezi ya kwanza hakuuza karibu kitu. Sokoni mtu anatoka mbali na pesa yake mfukoni, anabishana bei, analipa, anakwenda zake. Kwenye kartiye mtu anatoka ndani na ndala, anataka nusu mkate na mshumaa mmoja, na jioni atarudi tena kutafuta sukari. Kitenge atanunua akialikwa harusi! Kwa hiyo baba mdogo aliviuza vile vitenge kwa hasara, akaweka mkate, sabuni, mchele na vocha za simu. Kumbe alitakiwa kuhamisha duka mara mbili, kwanza mahali, halafu bidhaa. Hii ya pili watu wengi wanaisahau.

Na malipo pia yalibadilika. Nyakabiga walipanga wanafunzi wengi wa chuo kikuu. Mwanafunzi anakula leo, analipa akipata pesa yake ya masomo. Ukimnyima deni anakwenda butike ya jirani. Basi ikafunguliwa kaye, jina na kiasi, ukurasa kwa ukurasa, na kwa miaka miwili ilikwenda vizuri. Halafu mwisho wa Aprili 2015, maandamano yakiwa yameanza, chuo kikuu kikafungwa. Wanafunzi wakatawanyika, wengi wakarudi kwao mikoani. Kaye ikabaki na majina yasiyo na watu. Mengine ya mwaka ule, mpaka Desemba watu walipouawa katika mitaa yetu, siyaandiki hapa, wengi wenu mnayajua. Siku tulipokimbia, kaye ile ilikuwa ndani ya mfuko wa nguo za mtoto.

Nayasema haya kwa sababu hapa kambini butike ndiyo inayotuvusha mpaka siku ya mgao. Unga ukiisha mapema, mama anamtuma mtoto: nenda kamwambie baba fulani atuandikie. Kibanda kikienda upande wa pili wa kambi bila maelewano, mama yule hana tena pa kumtuma mtoto, na mwenye kibanda hana pesa ya kuleta mzigo mwingine. Ndipo maneno yanapoanza, huyu anapita njia ya nyuma, yule anamsema kisimani.

Wewe mwenye kibanda, usingoje siku ya kung'oa mabati. Pitia kaye na kila mtu uso kwa uso, tena sasa hivi. Asiyeweza yote atoe kidogo, kinachobaki mkiandike kwenye karatasi mbili, moja yake, moja yako. Usimsomee mtu deni lake mbele za watu, nakuomba. Halafu nenda ukakae asubuhi nzima pale unapohamia, uangalie wanaopita wamebeba nini. Penye bomba la maji sabuni itatoka. Penye shule ni mandazi na kalamu. Kama tayari zipo butike tatu za chumvi, ya nne ya nini? Na pale pa zamani acha kibao chenye mshale, hata cha katoni, maana wazee wetu wengine hawatapata habari.

Na sisi tunaodaiwa tusifurahi kwamba duka limekwenda. Mwaka 2021 kambi ya Mtendeli kule Tanzania ilipofungwa, watu walihamishiwa Nduta, wadai na wadaiwa kambi moja. Huwezi kujua utakutana na nani wapi. Baba mdogo mpaka leo amelipwa na watu wawili tu kutoka kaye nzima. Mmoja alimkuta hapahapa kwenye foleni ya kuni, akamtolea alichokuwa nacho, na jina lake likafutwa palepale kwa kalamu ya kuazima.

Asiyejua kuandika au kupiga hesabu ya madeni, mwenye duka au mteja, aje darasa la tatu Jumamosi saa nane mchana, nitakuwepo. Mje wote wawili, na mje na kaye.