MASHAURI YA NYUMBANI: Kulala Hemani Penye Maji ya Moto



Baba mmoja ametuuliza hivi: yeye na mkewe wataka kuwapeleka watoto ziwa Bogoria, katika Baringo, wakalale siku mbili katika mahema makubwa ya turubai yenye vitanda, ambayo siku hizi hukodishwa kwa wageni. Je, ni anasa? Na wajitayarishe namna gani?

Kupumzika pamoja si anasa. Baba na mama wasiocheka na watoto wao hata siku moja wana umaskini wao pia. Lakini fedha ya karo ya Januari isiguswe, wala msikope. Hema la kukodi likiwashinda, hema la kawaida na mikeka halina aibu. Kabla ya kulipa, ulizeni: bei ni ya hema au ya kila mtu? Chakula kimo? Kiingilio cha hifadhi hulipwa mbali? Swali lisiloulizwa nyumbani hulipiwa njiani.

Ulizeni pia habari ya njia. Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda sana, yakafunika barabara na baadhi ya chemchemi. Msitegemee maneno ya mtu aliyefika zamani. Pasaka mara nyingi huangukia masika. Desemba ina nafuu. Hema lisisimamishwe ndani ya kijito kikavu, kwa maana mvua ya milimani hushuka ghafula. Chukueni vyandarua, kwani malaria iko, na maji ya kunywa ya kutosha: maji ya ziwa ni ya magadi, hayanyweki.

Sasa jambo kubwa kuliko yote. Maji yale si ya uvuguvugu. Mvua huzama chini katika nyufa za Bonde la Ufa, hukutana na mawe ya moto, hurudi juu yakitokota. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzi 97 hivi. Yai huiva humo; mguu wa mtoto je? Tena udongo wa kandokando pengine ni gamba jembamba tu, lina moto chini yake. Basi, kila mtoto mdogo awe na mkubwa mmoja anayemshika mkono, si "tutawaangalia sote", maana mtoto wa wote huangaliwa na hakuna. Mwenye kutaka kuoga atafute birika lililojengwa hotelini. Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi dakika 20, msimpake mafuta wala dawa ya meno, kisha apelekwe hospitali mara moja.

Mkumbuke pia ya kuwa pale si pori lisilo na mwenyewe. Waendorois walihamishwa katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama, na mahali pale walikuwa na makaburi na mahali pao pa ibada. Mwaka 2010 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ya kwamba walidhulumiwa. Basi salimuni watu, nunueni asali yao kwa bei ya haki, wala msiache takataka.

Jioni, mkiisha kula, wasimulieni watoto habari hii. Zamani ziwa hili Wazungu waliliita Hannington, kwa jina la Askofu Mwanglikana aliyepita nchi hizi mwaka 1885 akienda Uganda, akauawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Yusufu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mtumishi mkubwa wa Kabaka, alimwonya bwana wake kwa tendo lile. Kwa ujasiri huo naye akauawa tarehe 15 Novemba mwaka ule ule. Leo twamwita Mtakatifu. Alikufa kwa kutetea haki ya mtu asiye wa dini yake: somo hilo litawafaa watoto kuliko picha za heroe.

Mwisho, ikiwa Jumapili imo katika safari yenu, ulizeni mapema saa ya Misa katika parokia ya jirani. Mungu hana likizo ya kutupenda. Nasi tusichukue likizo ya kumshukuru.

Nendeni salama, mrudi wote.